Ungo wa Bibi na Mnara wa Chembe

Nianze kwa kuungama. Wengi wenu mnaonifahamu katika chama hiki mnanijua kama mtu wa ushairi na fasihi simulizi, na pengine mmedhani kwamba nililelewa na idara ya Kiswahili tangu siku yangu ya kwanza chuoni. Sivyo. Nilipojiunga na chuo kikuu mwaka 2016 nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali, na niliihama idara hiyo mwaka 2019 baada ya kushindwa mtihani wa kujieleza kwa mdomo mbele ya wahadhiri watatu.

Swali lililonishinda nalikumbuka hadi leo. Liliulizwa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili lingekuwa hivi: ikiwa chembe moja ya unga wa kichocheo huanguka katika hewa tulivu kwa kasi ya takriban sentimita 20 kwa sekunde, na gesi inapanda katika mnara kwa mita 10 kwa sekunde, mbona basi chembe nyingi hukawia humo mnarani, na nyingine hata zikashuka? Nilikuwa nimekariri milinganyo mingi. Nilisimama pale nikiitafuta mmoja wa kuuandika ubaoni, na kila nilioukumbuka ulinipa jibu lilelile, kwamba chembe zote zapaswa kupanda kama risasi. Nikanyamaza. Mmoja wao akaitazama saa yake.

Baba yangu alikuwa ameweka rehani minazi kumi na minne ili nisome masomo hayo. Nilipompelekea habari kwamba nimehamia Kiswahili hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hicho ulichokuwa ukisoma kilikuwa ni nini hasa?" Nikamjibu kwamba ni vigumu kueleza. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za chuo, na kwa muda wa miaka mitano mazungumzo yetu yakawa ya salamu, mvua na bei ya samaki.

Sasa njoo nami Agosti 2024, nyumbani kwetu karibu na Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Mdogo wangu wa kike, ambaye naye alichagua uhandisi uleule (sikumshauri, wala sikumkanya), alikuwa akiingia mwaka wake wa mwisho. Alitaka kuunda mnara mdogo wa plastiki angavu, aupulizie hewa kutoka chini kwa feni yenye nguvu, na kutazama jinsi mchanga wa ukubwa mbalimbali unavyopanda ndani yake. Mkopo wa serikali ulikuwa umelipia karo, lakini haukutosha kununua feni, mabomba wala vipimo. Alihitaji shilingi 60,000. Baba alikuwa na minazi tisa iliyobaki huru.

"Nimekwisha kuweka minazi mara moja," baba alisema baada ya chakula cha jioni, "kwa jambo ambalo hakuna aliyeweza kunieleza ni nini. Mara hii nataka nielezwe kwanza. Tena kwa Kiswahili."

Mdogo wangu alinitazama mimi. Alijua mambo hayo kunishinda mbali, lakini kila alipofungua kinywa yalimtoka kwa Kiingereza. Basi mtu aliyeanguka mtihani ndiye aliyeagizwa kuufundisha.

Nilianza vibaya. Nilisema kwamba kuna kitanda cha chembe ambacho hupulizwa gesi. Baba akauliza ni nani anayelala juu yake. Hapo nikagundua kosa ambalo sisi wanafunzi wa istilahi hulitenda mara nyingi: Waingereza wana neno moja kwa kitanda cha kulalia na kwa tabaka la kitu kilichotandazwa, nami nilikuwa nimelibeba neno lao pamoja na godoro lake. Nikajirekebisha na kusema tandiko. Mchanga uliotandazwa ndani ya bomba, juu ya sahani yenye vitundu, ni tandiko la mchanga. Baba akatikisa kichwa kukubali. Nalipendekeza neno hilo kwenu wasomaji wa jarida hili, ingawa najua wapo watakaolipinga.

Kisha nikaenda jikoni kuuangua ungo wa bibi.

Bibi, mama yake baba, alifariki mwaka 2017, lakini ungo wake ungali ukining'inia pale. Nilipokuwa mdogo, wakati mpunga ulipokuwa umekwisha kutwangwa na upepo wa kusi unavuma vizuri, alikuwa akinisimamisha karibu naye uani na kunifundisha kupepeta. Alikuwa na jina kwa kila kilichomo katika ungo. Kumvi ni maganda ya mpunga, nayo huruka mbali. Wishwa ni yale makapi laini yanayosalia baada ya kutwanga, nayo huelea na kumrudia mtu usoni. Chenga ni vipande vya punje zilizovunjika, chuya ni punje iliyokataa kukobolewa, na mchele wenyewe huanguka ulipotoka. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nikipewa somo la kwanza la chembe na gesi, yaani kwamba upepo ni mmoja lakini kila chembe huujibu kwa tabia yake yenyewe.

Nilimwonyesha baba kwa kumvi na mchele. Kumvi ni pana kama punje, wala hazipishani sana kwa ukubwa. Kinachozitofautisha ni uzito uliofungwa katika ujazo uleule. Sifa ya pili ni ukubwa wenyewe: chenga ni mchele mtupu, haina wepesi wa kumvi, na bado upepo mkali huichukua kabla ya punje nzima. Kuna kanuni hapa iliyotolewa na George Gabriel Stokes mwaka 1851. Kwa chembe ndogo sana zinazoanguka polepole, uzito wa ujazo ukiongezeka maradufu, kasi ya kuanguka nayo huwa maradufu. Lakini kipenyo kikiongezeka maradufu, kasi huwa mara nne. Ndiyo maana wahandisi huuogopa ukubwa wa chembe kuliko uzito wake. Ukikosea kidogo katika kuchekecha, umekosea sana mnarani.

Kutoka hapo mambo yakawa mepesi. Puliza hewa kidogo chini ya tandiko la mchanga: hewa itapenya katikati ya chembe na kutoka juu, mchanga umetulia. Ongeza. Itafika kasi fulani ambapo mburuto wa hewa unalingana na uzito wa tandiko zima, na mchanga utaanza kuchemka kama uji. Si kwamba una moto. Ni kwamba chembe hazilaliani tena, zimebebwa, na tandiko limepata tabia za maji: kijiti chepesi kitaelea juu yake na jiwe litazama. Ongeza zaidi na zaidi, na hatimaye mchanga wote utabebwa na hewa kupanda juu. Bomba refu linalotumika kwa kazi hiyo ya mwisho ndilo nililoliita mnara wa kupandishia.

Lakini si kila unga huchemka kwa namna moja, na hapa mdogo wangu akanipokonya mazungumzo. Mwaka 1973 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Derek Geldart alizigawa chembe katika makundi manne kwa kutazama mambo mawili tu: ukubwa wake, na tofauti kati ya uzito wa ujazo wake na ule wa gesi. Mdogo wangu hakutaja herufi zake nne. Alikwenda jikoni akarudi na vibakuli. Cha kwanza kilikuwa na unga wa muhogo. Huu, alisema, hauchemki kabisa. Chembe zake ni ndogo mno hata nguvu za kushikana baina yao huushinda uzito wake, na hewa hutoboa nyufa ikapita, au huuinua unga wote kama kizibo. Cha pili kilikuwa na mchanga wa ufuoni. Mchanga huchemka na kutoa mapovu mara tu unapoanza kubebwa. Cha tatu kilikuwa na maharagwe: chembe kubwa, ambazo hewa huzitoboa katikati na kuzirusha juu kama chemchemi, na njia hiyo hutumika kukaushia nafaka. Kundi la nne halikuwa na kibakuli. Ni unga mwepesi wa wastani, mwembamba kuliko mchanga lakini usioshikamana kama unga wa muhogo. Ukipulizwa, hufura kwanza kwa utulivu, bila povu hata moja, ndipo baadaye uchemke. Katika kundi hilo ndimo ulimo ule unga wa kichocheo ulionitoa katika uhandisi.

"Unatumika wapi?" baba akauliza.

Nilimwambia kwamba hutumika kuvunjia mafuta mazito yasiyopasa kwa magari. Tarehe 25 Mei 1942, huko Baton Rouge nchini Marekani, kiwanda cha kwanza cha aina hiyo kilianza kazi, baada ya Warren Lewis na Edwin Gilliland kuonyesha kwamba unga unaweza kupitishwa mabombani kana kwamba ni maji. Ilikuwa ni wakati wa vita na ndege zilihitaji petroli. Katika viwanda vya sasa, kichocheo cha moto hukutana na mafuta chini ya mnara, mafuta yakageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo ukakibeba kichocheo juu huku molekuli ndefu zikivunjika njiani. Safari nzima ni ya sekunde chache. Juu, unga hutenganishwa na mvuke, huchomwa masizi yaliyouganda katika chumba kingine, kisha hurejeshwa chini ukiwa na joto jipya. Kila chembe ina kipenyo cha mikromita 60 hadi 70 hivi, karibu na unene wa unywele. Kiwanda cha Changamwe, ambacho baba alikijua na ambacho kilisafisha mafuta kuanzia mwaka 1963 hadi 2013, hakikuwa na mnara wa namna hii. Vilevile ipo mitambo ya kuzalisha umeme inayotumia mnara kama huo kuchomea makaa ya mawe pamoja na mchanga, lakini nilipita hapo haraka kwa kuwa baba alikwisha kuwa na swali.

"Sasa huyu anataka kupima nini?"

Ndipo nikalazimika kulirudia swali la wale wahadhiri watatu. Nikalitamka lote: sentimita 20 kushuka, mita 10 kupanda, na bado chembe hukawia. Niliposikia sauti yangu ikilitamka uani kwetu, nikakumbuka jambo ambalo bibi alikuwa akinikemea kwalo karibu kila siku. Nilikuwa na pupa. Nilikuwa nikichota gao zima la mpunga uliotwangwa na kulimwaga mara moja katika upepo ili nimalize nikacheze, na kumvi zikaanguka palepale pamoja na mchele. "Mwaga kidogo kidogo, mwanangu," angesema. "Ukizimwaga kwa pamoja zinafichana."

Zinafichana. Nilisimama nikamwonyesha baba. Nilinyunyiza kumvi chache mbele ya upepo, zikapeperuka hadi ukuta wa jirani. Nikachota gao nikaliachilia kwa pamoja, likaanguka miguuni pangu karibu lote. Kumvi ni zilezile, upepo ni uleule. Chembe iliyo peke yake hukumbana na upepo wote. Chembe iliyo katikati ya wenzake haiuoni upepo, kwa kuwa upepo huchagua njia rahisi na kulizunguka kundi badala ya kupenya ndani yake. Kundi zima basi huanguka kama kitu kimoja kikubwa, na tumekwisha kuona kanuni ya Stokes inavyokitendea kilicho kikubwa. Ndivyo ilivyo mnarani: chembe hukusanyika, makundi hayo hushuka au hukawia, hupasuliwa na gesi, kisha hukusanyika tena.

Mimi nilitaka tuyaite vishada. Mdogo wangu alipendelea vikundi. Baba, ambaye amekuwa akiuza samaki ufuoni maisha yake yote, alisema, "Hayo ni mafungu." Nami tangu hapo nayaita mafungu.

"Na yanashukia wapi?" akauliza.

"Ukutani," mdogo wangu alijibu. "Katikati ya mnara gesi huenda kasi na chembe ni chache. Kandokando gesi huenda polepole kwa sababu ya msuguano, na mafungu huko ni mazito."

Baba akacheka, mara ya kwanza jioni ile. "Kama mto Umba," alisema. "Ukipanda mto na mtumbwi hupiti katikati, maji yatakurudisha baharini. Unaubana ukingo, huko maji yamechoka. Haya mafungu yana akili ya mvuvi."

Mimi na mdogo wangu tulitazamana. Tofauti ni kwamba mvuvi hupanda na mafungu hushuka. Lakini wote wawili huenda kinyume cha mkondo kwa kuutafuta ukingo. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya jambo hili katika miaka yangu mitatu ya uhandisi na sikumbuki kimoja kilichonieleza kwa uzuri huo.

Yaliyobaki aliyasema mdogo wangu, naye aliyasema kwa Kiswahili chepesi kabisa, kwa maana mlango ulikuwa umefunguka. Mafungu hutegemea tabia za chembe zenyewe. Chembe zikigongana na kupoteza nguvu katika kugongana, hazirukiani tena, hubaki karibu karibu, na mafungu huongezeka. Zile zinazodunda kama mpira hutawanyika upesi. Jambo hilo limeonekana wazi katika miigo ya kompyuta. Zikiwa na unyevu hunata, kama wishwa wa mpunga ambao haukukauka. Zikisuguana katika hewa kavu hupata umeme wa tuli na kung'ang'ania ukuta. Umbo nalo lina neno: chembe bapa na chembe ya mviringo zenye uzito sawa hazibebwi sawa. Na jambo lililomshangaza baba kuliko yote ni kwamba unga wa kichocheo ukiondolewa vumbi lake lote jembamba huanza kwenda kwa shida. Vumbi lile, lililo chini ya mikromita 45, huwa kama mafuta katikati ya chembe kubwa. Mpishi asiyejua angelichekecha lote akidhani anasafisha. Tena chembe husagika kidogo kidogo katika mizunguko yake, kwa hiyo unga ulioingia mnarani leo, baada ya miezi, si ule ule.

Mdogo wangu alitaka mchanga wa namna tatu, uliochekechwa kwa uangalifu, wenye uzito wa ujazo mmoja na ukubwa tofauti, ili ajue tofauti atakayoiona imetokana na ukubwa peke yake. Angeupiga picha kando ya ukuta wa plastiki.

Kimya kilipita. Kisha baba akanigeukia mimi, si yeye.

"Mbona hukuwaambia hivi wale watatu?"

Ingekuwa rahisi, hasa katika jarida hili, kujibu kwamba lugha ya kigeni ndiyo iliyonikwamisha. Najua makala yangeishia hapo kwa makofi. Lakini mdogo wangu alisoma kwa Kiingereza kilekile, kutoka katika vitabu vilevile, na alielewa. Mimi nilikuwa nimekariri ili nipite. Sikuwahi kujiuliza neno hata moja la milinganyo ile lingemaanisha nini uani kwa bibi, na mwanafunzi anaweza kukariri kwa Kiswahili vilevile. Nimewaona wengine wakifanya hivyo katika isimu, na siku nyingine nimejiona mwenyewe. Nilimwambia baba ukweli: "Sikuwa nimeukumbuka ungo."

Hakusema kitu. Alichukua ungo kutoka mikononi mwangu, akautazama ukingo wake ambao bibi aliushona upya kwa ukindu, akauweka magotini. Kisha akamrudia mwanawe wa kike.

"Mama, hayo mafungu yanayoshuka ukutani, hukaa kwa muda gani kabla ya kuvunjika?"

"Hilo ndilo ninalotaka kulipima, baba."

"Hakuna anayejua?"

"Kwa mchanga huu, katika mnara huu, hakuna."

"Basi nenda ukapime."

Asubuhi yake aliondoka mapema kwenda kwa mwenye duka anayeshika rehani za minazi. Aliporudi adhuhuri minazi iliyobaki huru ilikuwa minne. Alinikuta uani nikifagia kumvi, akaketi kando yangu, akaniuliza mwaka huu chuoni ninasoma nini.